Harufu ya Pasi kwa Dada

Shoga, mkono wa dada! Ule wake wa kazi, wa kulia!

Dada alikuwa ananyoosha gauni la bibi harusi wa watu. Si unamjua, ule mkono mfupi aliozaliwa nao unabana kitambaa, wa kulia unafanya mengine yote. Na huo wa kulia ndio mishipa yake inawaka moto miaka yote hii.

Mara harufu. Nikapiga kelele, "Da, kuna kitu kinaungua!"

Akainama kukagua gauni. GAUNI! Eti, "Mbona zima?"

Kumbe mkono wenyewe umeegemea pasi aliyoisimamisha kando, hapa juu ya kiganja. Nikauvuta mimi. Ngozi ikabaki kwenye pasi.

Mama analia, "Mwanangu, hukusikia maumivu?"

Dada, uso mkavu: "Nilisikia, mama. Nikadhani ni yale ya kila siku."

Alisikia, shoga! Alisikia, akaendelea na kazi!

Sasa niko nje ya chumba cha daktari. Nimetoka mara moja nikwambie. Daktari kamwambia akunje vidole, viwili vimegoma. Dada kavitazama kama vya mtu mwingine.

Watavijaribu tena kesho. Usizime simu, nitakupigia kabla hata sijamwambia mama.