Swali la Wainaina Kuhusu Dawa ya Avokado

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Thika, 9 Juni 2025

Jina: Trizah Nekesa. Umri: miaka 41. Kazi: afisa wa chuo kikuu, Ruiru, kitengo cha kugeuza utafiti wa wahadhiri kuwa biashara. Makao: Ngoingwa.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Kazi yangu ni kumtoa mhadhiri maabara nimkutanishe na mtu wa soko. Naipenda, ingawa kuna siku inanichosha roho.

Dkt. Gachanja ametengeneza dawa ya kupaka avokado isiive haraka. Ameripoti kwamba Boaz Sifuna, msaidizi wake wa maabara, aliuza siri ya dawa hiyo kwa Wainaina, mfanyabiashara wa matunda wa Kiganjo, ambaye sasa anaitengeneza mwenyewe. Boaz alikamatwa jana akitoka kanisani, na kesho atapelekwa kortini. Boaz hakuuza chochote. Siri ilipotoka, mimi nilikuwepo.

Mnamo tarehe 14 Machi 2025, mchana, niliwakutanisha Dkt. Gachanja na Wainaina kwenye hoteli ya nyama choma, Kamakis. Tukiwa njiani nilimwambia daktari, "Sema dawa inafanya nini. Inavyotengenezwa, nyamaza mpaka aweke sahihi kwenye mkataba wa kutunza siri." Akanijibu, "Trizah, mimi si mtoto."

Wainaina hakuuliza hata bei. Alisema, "Dokta, chemistry ilinilemea shule. Lakini hii kitu, mbona haitoki ikioshwa?"

Wanafunzi wa daktari siku hizi huuliza tu kama jambo litakuja kwa mtihani. Uso wake ulichangamka, nikajua tumekwisha. Alisogeza kachumbari kando, akachukua karatasi ya kufungia nyama, akaanza kuchora: unga gani, moto kiasi gani, kipi kinatangulia. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akasema, "Samahani," akauvuta mguu wake, akaendelea.

Alipomaliza alimwambia Wainaina, "Hebu nirudie, nione kama umeshika." Wainaina alirudia yote bila kukosea. Daktari akampigia makofi. Mkataba nilirudi nao kwenye mkoba.

Sisemi daktari ni mwongo. Kwake yeye alikuwa anafundisha, na kufundisha hakukuhesabu kuwa kutoa siri. Lakini nimemkasirikia. Mourine, mke wa Boaz, yuko hapo nje tangu asubuhi na thamosi ya chai. Najua nikisema haya hatutakuwa na la kumdai Wainaina, na kazi yangu yote ya dawa hii imeenda. Wacha iende.

Leo tulipofika kituoni nilimkumbusha daktari siku ya Kamakis. Alivua miwani, akasema, "Lakini aliuliza swali zuri sana, Trizah."

Sina zaidi ya hayo. Niliyaona na kuyasikia mwenyewe, nimesomewa, na ninaweka sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi) T. Nekesa

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, Koplo Nzioki. Mlalamishi ameondoa malalamiko yake na kumwomba Boaz Sifuna radhi. Boaz ameachiliwa na kuondoka na mkewe. Aidha, shahidi alipokuwa akiandikisha maelezo, konstebo wa zamu alimuuliza mlalamishi dawa hiyo inafanyaje kazi. Gazeti ambalo mlalamishi alimchorea jibu limekabidhiwa shahidi.