Docteur wa Machi Nane

Jumapili, 2 Machi 2025
Nimetoka Hewa Bora, kwa wazazi wa Dorcelle, mchumba wangu. Nimekula bukari mara mbili kwa hofu. Baba yake, Papa Mbuyi, aliniuliza kazi. Kabla sijameza tonge, Dorcelle akajibu: docteur. Nikaendelea kutafuna! Njiani amenieleza — kwa baba yake uuguzi wangu ni kazi ya wanawake, na binti yake haolewi na mwanaume wa kumwaga mikojo ya watu. Mahari tarehe 15, tuvumilie mpaka hapo. Naona aibu. Lakini nampenda, basi.

Jumatatu, 3 Machi
Kazini Ruashi, maternité. Mwanaume ni mimi peke yangu, kwa hiyo kila anayejifungua ananiita docteur. Mama Nono, mkuu wetu, anazalisha miaka ishirini na miwili sasa — yeye wanamwita ma sœur, yaani dada, na kumtuma maji. Leo mume mmoja alimpita bila salamu, akanipa mkono mimi kwa kumwokoa mkewe. Mtoto alipokewa na Mama Nono. Mimi nilishika taa. Nilisahihisha? Sikusahihisha. Naanza kuzoea.

Alhamisi, 6 Machi
Vitenge vya Machi Nane vimefika. Jumamosi wenzangu wote wanaandamana mjini. Nani atabaki na wajawazito? Mama Nono hakufikiri hata dakika.
— Siku ya bamama, mwanaume atumike.
Wamecheka mpaka machozi. Nikaomba angalau kitenge. Hakuna.

Jumamosi, 8 Machi
Saa tano. Niko peke yangu. Ameletwa mwanamke mwenye uchungu. Nimempima, barakoa usoni: mlango wa uzazi umefunguka sentimita nane. Nikatoka kumweleza mama yake, nikashusha barakoa. Mungu wangu — mama yake Dorcelle, ndani ya kitenge kipya! Basi yule kitandani ni Graciella, dada mkubwa, ambaye sijawahi kumwona.

Mama amesema nisirudi ndani. Kwao dada mkubwa wa mke ni sawa na mama mkwe, na mkwe haoni uchi wake. Ameketi chini mlangoni, miguu ameinyoosha, njia imefungwa. Napiga simu ya Mama Nono, inaita bure. Huko kwenye maandamano ni tarumbeta za fanfari.

Saa sita kasoro. Mama mkwe amepata ufumbuzi.
— Docteur anaweza kumuona. Bukwe wa kuoa mdogo wake, hapana. Sasa weye uko nani?
Kumbe uongo wa Dorcelle una faida! Neno moja tu, mlango unafunguka na harusi inabaki. Graciella ameita kutoka ndani kwamba niingie hata nikiwa mécanicien.

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini hapa docteur hajawahi kuzalisha hata mtoto mmoja. Tunazalisha sisi, na nimechoka kuwa mtu mwingine.
— Niko infirmier, muuguzi tu, mama. Ni siye tunazalishaka.

 Miguu iko palepale. Naandika nikisubiri aiondoe. Sauti ya Graciella imebadilika, anasukuma sasa. Nimevua viatu. Nakwenda kuiruka miguu ya mama mkwe.