Mama Ryan Wawili

Shangazi Kavindu, nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie kabla ujasiri haujaniisha. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa napokea wagonjwa katika zahanati ndogo karibu na mtaa wa Jamhuri, kazi niliyotafutiwa na muuguzi wetu, Sista Nanjala, ambaye tunasali naye kanisa moja. Mimi ni mtu wa haya, hata sauti yangu haifiki mbali, na wiki mbili zilizopita niliita "Mama Ryan" mara moja tu, akasimama mama mmoja, nikampa faili na kumwelekeza chumba cha sindano bila kumuuliza jina lake mwenyewe, kumbe siku hiyo Mama Ryan walikuwa wawili na huyu alikuja na kikohozi tu. Sista naye hakuuliza, akamdunga penisilini ya yule mwingine.

Mara midomo ikamvimba, akaanza kupumua kwa shida. Daktari alikuwa ametoka, lakini Sista alimwahi kwa dawa nyingine akapata nafuu. Mama alipouliza ni nini kimemfanya hivyo, Sista akasema, "Kwani umekula nini leo?"

"Ugali na omena."

"Basi ni hivyo visamaki, hiyo omena. Wachana nayo."

Mama akacheka. "Wueh! Mjaluo aache omena? Si mniue tu!"

Shangazi, nilikuwa nimesimama mlangoni nikisikia yote. Baadaye nilimwomba Sista tumweleze ukweli, akanijibu, "Wewe mtoto, kuna mtu amekufa? Nina watatu shuleni. Ukiongea, mimi na wewe tunaenda nyumbani." Kwenye faili hakuandika lolote. Juzi yule mama alipita kutushukuru, akasema omena ameacha kabisa. Sitaki kumharibia Sista, lakini kunyamaza siwezi tena. Nianzie wapi?

Msichana wa mapokezi

Binti yangu,

Kosa la kwanza ni lako, na la Sista, na la zahanati inayoita watu wazima kwa majina ya watoto wao katika mji uliojaa akina Ryan. Makosa ya namna hiyo hutokea. Lile la omena si kosa, ni uongo, na ni la hatari kuliko sindano yenyewe. Mama huyo akiugua, hospitali nyingine itamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Atajibu, "Hakuna, ni omena tu." Watamdunga.

Kwa hiyo haya yako iweke kando. Kesho asubuhi mwambie Sista unakwenda kwa daktari, na umwombe mwende pamoja, usimzunguke, alikusaidia. Beba karatasi uliyoandika mwenyewe: tarehe, ulimwita nani, nani akadungwa nini. Anza na kosa lako. Mwambie daktari amwite mama huyo, amweleze yote, amwombe msamaha, na ampe jina la dawa hiyo kwa maandishi. Na kuanzia kesho kila mgonjwa akutajie majina yake kamili, hata kama foleni inanung'unika.

Kazi unaweza kuipoteza, sitakuficha. Utapata nyingine.

Daktari akijivuta hadi Ijumaa, usimngoje. Namba ya mama iko kwenye faili. Mpigie wewe, kabla hajapata homa nyingine.