Shabu ya Kutuliza Bahari

Kaka yangu Asajile,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu mara ya mwisho sikukuamkia. Ulipiga simu kutoka melini ukasema bahari imechafuka, meli imeshindwa kuingia bandarini, ndege itakuacha, maziko ya mama hutayawahi. Nikakujibu, "Basi baki na bahari yako," nikakata simu. Huu mwaka wa pili hatujasemezana. Nimechoka kukukasirikia, kaka. Kukasirika nako ni kazi, na mimi kazi ninazo za kunitosha.

Leo nimefunga mgahawa mapema. Malori yamevuka yote kwenda Zambia, madereva hakuna, wali umebaki nusu sufuria. Nimekaa juu ya kreti la soda, miguu imevimba, na mapajani nina mkoba wa mama wenye barua zako zote. Nilidhani nitazichoma. Badala yake nimezisoma tangu mchana.

Unaikumbuka ya kwanza? Ulikuwa na miezi miwili tu kwenye ile meli ya watalii, unaosha vyombo. Uliandika, "Bahari ilichafuka siku tatu." Nilimsomea mama jikoni Itumba, anapukuchua maharage. Kiswahili cha mama unakijua, alikiokota kanisani na sokoni. Akaniuliza, "Imechafuka na nini?"

Mimi mwenyewe sikujua. Sisi watoto wa milima ya Ileje, kinachochafuka ni nguo, na mto wakati wa masika. Mama akafikiri kidogo, akasema, "Watu wengi wanaoga humo. Na mwanangu anakunywa hayohayo." Kesho yake akaenda sokoni kununua shabu, ileile aliyokuwa anatia kwenye ndoo mto ukileta tope. Akaifunga kwenye kipande cha khanga. "Mwandikie atie kidogo, akoroge, angoje itulie."

Karani wa posta alipofungua kile kifurushi akaona jiwe jeupe linang'aa, uso ukambadilika. Akatuuliza kama tunajua sheria. Mama wala hakubishana, aliomba tu glasi ya maji ya bomba, siku hiyo yalikuwa ya kahawia, akatia chembe, akakoroga kwa kidole, akasimama pale dirishani na foleni nyuma yetu inanung'unika. Tope liliposhuka chini karani akagonga muhuri. Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu likaja jibu lako: "Mwambie mama bahari imetulia." Kaka, mama alisimama. Aliacha maharage yakamwagika. "Unaona?" akasema. "Unaona?"

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Ukiandika imechafuka, yeye anatuma shabu. Barua inayofuata, imetulia. Ungefanyaje wewe mahali pake? Aliwaambia mpaka wanawake wa kwaya kwamba anaisafisha bahari akiwa Itumba.

Mimi niliujua ukweli kwenye ile barua yako ndefu. Ulisema wafanyakazi wanaruhusiwa kuleta ndugu mmoja safari moja, kwa hiyo nijiandae, nijue bahari chafu ikoje. Meli haiendi mbele tu, inapanda na kushuka, inalala ubavu huu na ule. Sahani zinatandikiwa vitambaa vilivyoloweshwa maji zisiteleze. Vifuko vya kutapikia vinaning'inizwa ukutani kama vile ni mapambo, na wageni matajiri hawaonekani tena chumba cha chakula, mnabaki ninyi kula kamba wao. Nikija nilale katikati ya meli, sakafu ya chini, huko kunatikisika kidogo. Nisikae na njaa, nitafune tangawizi na biskuti kavu. Mkono mmoja uwe umeshika kitu muda wote. Nikizidiwa nitoke nje, nitazame kitu cha mbali kisichotikisika.

Safari yenyewe sikuja, na ile barua sikumsomea mama. Nilimsomea salamu, mengine nikayaruka. Nilijiambia namlinda, lakini ukweli ni kwamba niliona uvivu wa kumwona akihangaika. Ningehangaika naye mimi, wewe uko mbali.

Kisha nikahamia hapa Tunduma, na mama akanifuata miguu ilipoanza kumsumbua. Kuna jambo la hapa mgahawani sijawahi kukuambia. Siku moja alikuja dereva wa malori, mzaliwa wa Tanga. Mama alikuwa anachagua mchele wa Kamsamba, akaanza kumsifia mwanawe na bahari yake inayochafuka mara kwa mara. Yule dereva akasema kwa upole, "Pole sana mama. Bahari ikichafuka si mchezo. Wimbi linasimama kama nyumba. Hata mabaharia wenyewe humwomba Mungu."

Mikono ya mama ilisimama kwenye ungo. Alinigeukia mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akarudi kwenye mchele wake. Siku tatu hakunisemesha zaidi ya salamu. Ya nne akatoka peke yake na fimbo yake, akarudi na kipande cha shabu kikubwa kama ngumi, hajawahi kununua kikubwa hivyo.

"Mtumie kaka yako."

"Mama, si ulimsikia yule dereva?"

"Nilimsikia. Mtumie."

Nilituma. Ukapiga simu ukicheka, ukasema safari hii mama ameamua kuimaliza bahari yote. Nami nikacheka, sikukuambia. Alikwishajua, kaka. Alijua ni mawimbi, na alikuwa hana kingine cha kukutumia.

Siku ya kumzika kule Itumba tulikungoja hivyohivyo mpaka alasiri, ingawa ulishasema hutawahi. Mjomba alisema udongo wa kwanza ni wa mtoto wa kiume. Jua likaanza kuinama, mawingu yakajikusanya, akaniambia basi, tupa wewe kwa niaba yake. Nikashika bega la mjomba kwa mkono mmoja, nikatazama kile kilima ng'ambo ya bonde kisichotikisika, nikatupa. Ulinifundisha wewe, na nilikuchukia kwa sababu maneno yako ndiyo yaliyonisimamisha.

Sasa nakukumbuka tu. Nimechoka kuwa mtoto pekee wa mama wakati tulizaliwa wawili. Lile neno nililokuambia nalirudisha. Usibaki na bahari.

Kaburi halijajengewa. Mjomba anataka kuweka saruji, nimemkatalia mpaka uje, na ameanza kunichoka.

Humu ndani ya bahasha utakuta kipande cha shabu. Si cha mama, vyake viliisha. Nimekinunua mwenyewe leo jioni, na karani mpya wa posta nitampa maelezo. Mimi najua kwamba ni mawimbi, nawe unajua. Tia kidogo hivyohivyo, ukoroge, ungoje itulie.

Ikitulia, panda gari la Itumba. Nitakuwa nimekaa pale kaburini.

Mdogo wako,
niliyekukatia simu