Pale Nondo Inapozama

Jumatatu, 6 Juni 1994

Uji. Dawa ya kifua. Kisha matembezi yangu, kutoka mlangoni hadi getini na kurudi. Ukungu umekaa juu ya migomba. Mlima Rungwe hatujauona tangu wiki iliyopita. Natembelea nondo yangu badala ya mkongojo. Binti yangu Atupele hapendi. Anasema watu watadhani bado nauza viwanja.

Karibu na geti nondo ilizama.

Nilijenga hapa mwenyewe. Najua kila shimo lililowahi kuchimbwa katika ua huu, na hapo halijawahi kuchimbwa. Nikachoma tena kwa mshazari, kama tulivyofundishwa. Laini. Kando yake, pagumu. Nilizunguka taratibu hadi nikapata umbo lote. Jembamba. Lina kona nne. Fupi, la kumtosha mtoto.

Chini kabisa ncha iligusa bati.

Sikumwambia Atupele. Naogopa.

Jumatano, 8 Juni

Mganga alizungumza na Atupele nje ya mlango, akidhani sisikii. Nasikia vizuri. Sina siku nyingi.

Basi niandike. Nilitoka shule ya misheni nikaingia Keya, jeshi la Mwingereza, wakatupeleka vitani Burma. Kazi ya kikosi chetu ilikuwa kutangulia njiani tukichoma ardhi kwa singe, kutafuta mabomu yaliyofukiwa. Mkono ukishajifunza kazi hiyo hausahau. Unatofautisha udongo uliolala wenyewe na udongo uliolazwa na mtu. Nilirudi, nikafundisha shule hadi kustaafu, na sikufikiri nitauhitaji tena ujuzi huo.

Kisha biashara ikafunguliwa. Watu tuliokuwa nao kwenye foleni ya sabuni wakaanza kutafuta mahali pa kujenga maduka. Pensheni yangu haikutosha sukari. Mtu mmoja wa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa mjini, alikuwa amejenga ukuta ukapasuka kwa sababu chini palikuwa na choo cha zamani. Aliponunua kiwanja kingine aliniomba nikipime kwanza. Nikanoa kipande cha nondo, nikakipima. Akanilipa. Wiki iliyofuata alikuja shemeji yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa dalali, uzeeni, bila ofisi.

Vijana wa stendi wakaniita Mzee Nondo. "Mzee Nondo, nichome na mimi hapa kifuani, uone kama kuna kitu!" Nilicheka nao. Nilijivuna pia. Mnunuzi hakutaka kusikia neno la mwenye shamba, alitaka langu. Nikisema ardhi ni nzima, anatoa pesa.

Alhamisi, 9 Juni

Limesogea. Leo pale getini pagumu kama barabara. Palipo laini ni katikati ya ua, karibu na kamba ya nguo. Umbo lile lile. Bati lile lile.

Mchana akaja Mama Lusajo.

Sikumtambua mara moja. Alikwenda Zambia na mumewe zamani, mumewe akichimba shaba. Mume amefia huko, naye amerudi. Lusajo alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikufa mdogo kwa homa, kabla hawajaondoka, wakamzika nyumbani kwao Ibighi, kwenye migomba, kama tunavyozika sote. Yeye bado anaitwa Mama Lusajo. Hana jina jingine kwa watu.

Alikaa barazani akanieleza. Gwakisa, mpwa wa mumewe, aliuza shamba. Alimtumia salamu kwamba kaburi limehamishwa kwa heshima hadi Kiwira, kwa wakwe za Mama Lusajo. Mama Lusajo amefika Kiwira. Hakuna kaburi. Hakuna aliyesikia habari ya kuhamisha. Gwakisa yuko Dar es Salaam, hajulikani anaishi wapi. Ibighi kwenyewe migomba imekatwa na jiwe alilowekewa mtoto halipo. Kuna nyumba.

"Mwalimu," akasema, "wanasema wewe unajua ardhi kuliko wote. Njoo unitafutie mwanangu."

Nilimwambia naumwa, siwezi kufika mbali.

"Ndaga, Mwalimu. Nitasubiri upate nafuu."

Alinishukuru. Kwa uongo wangu.

Jumamosi, 11 Juni

Niandike sasa, mkono usije ukaniishia nguvu.

Kiwanja hicho nilikipima mimi. Gwakisa ndiye aliyenileta. Mnunuzi alikuwa Shomari, fundi cherehani, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Wakati huo Shomari alikuwa mbele na fundi wake wa ujenzi. Sisi tulikuwa nyuma, ndani ya migomba. Nondo ilizama. Gwakisa akasema haraka, hata sijauliza, "Hapo tuling'oa kisiki cha mgomba, Mwalimu."

Shimo la kisiki ni la mviringo. Hili lilikuwa na kona nne. Na chini ncha iligusa bati, mwili wangu wote ukaruka nyuma kama tulivyokuwa tukiruka Burma. Gwakisa alinitazama usoni. Nilijua. Naye alijua kwamba nimejua.

Shomari akaita, "Vipi huko, Mwalimu?"

Nikajibu, "Ardhi ni nzima."

Sikulazimishwa na mtu. Ningesema kweli, biashara ingekufa, na mvua ilikuwa inakaribia kuezua jiko langu. Nilitaka mabati. Jiko hili anapopikia Atupele limeezekwa kwa pesa za siku ile.

Jumapili, 12 Juni

Sikwenda kanisani. Mama Lusajo alipitia hapa akitoka ibadani. Alikaa tu barazani, akamenya maharage pamoja na Atupele. Hakuniuliza kitu. Walicheka juu ya mhubiri aliyepigana na kipaza sauti. Nilikaa chumbani na kuwasikiliza.

Umbo sasa liko chini ya baraza. Miguu ya Mama Lusajo ilikuwa juu yake kabisa.

Jumanne, 14 Juni

Shomari amekuja. Mtu mwenye adabu, alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nina jambo dogo, la aibu kidogo."

Chumba chake cha nyuma, sakafu haikauki. Siyo sakafu yote. Kipande kimoja tu, kirefu, kina kona kama kimepimwa kwa rula. Kiangazi kilipita hakikukauka. Amemwaga saruji nyingine juu, unyevu umepanda tena, umbo lile lile. Wapangaji wameondoka. Akamweka mama yake humo.

"Na mama sasa anasema kuna mtoto anakohoa miguuni pake. Anaomba maji. Mwalimu, mama yangu ni kiziwi. Cherehani kumi zikilia hasikii."

Akacheka kidogo ili nami nicheke. Sikuweza.

Anataka nikachome nje ya ukuta, nione kama kuna chemchemi. Nilisema nitamjibu.

Hii siyo chemchemi. Na sasa nina watu wawili wanaonisubiri, kila mmoja hajui habari za mwenzake.

Jumatano, 15 Juni

Chumba changu ni cha udongo. Saruji iliisha kabla ya kukifikia, sikuwahi kumalizia. Leo asubuhi niliteremsha miguu kitandani na udongo ukabonyea.

Nilichukua nondo nikiwa nimekaa. Iliingia kama kwenye siagi. Kichwa cha umbo lile kiko chini ya kichwa changu. Bati lililia, kisha likalia tena wakati mkono wangu umetulia.

Mama Lusajo amemwambia Atupele kwamba Jumamosi anarudi Zambia, liliko kaburi la mumewe. Amekata tamaa. Amesema hataki kunisumbua mgonjwa.

Akiondoka, mimi nitakufa na yeye atakufa, na hakuna atakayejua.

Ijumaa, 17 Juni

Nimesema.

Nilimtuma Atupele awaite wote wawili barazani. Shomari alidhani ni habari ya maji. Mama Lusajo alikuja na sufuria ya viazi, akaiweka chini. Nilisema yote, tangu kisiki hadi mabati ya jiko. Atupele alikuwa mlangoni. Sikumtazama.

Shomari alivaa kofia yake. Kisha akasema polepole, kama anayesoma, "Mama yangu analala juu ya mtoto wa watu."

Afadhali angenitukana.

Mama Lusajo hakulia. Aliniuliza, "Ulipochoma, ulisikia bati?"

Nikasema ndiyo.

"Nilimzika na kikombe chake cha bati. Alikufa akiomba maji, na waliniambia nisimpe, homa itapanda." Akasimama. "Basi ndiye."

Wakaondoka pamoja, yeye na Shomari. Walisahau sufuria. Atupele aliiingiza ndani. Hajazungumza nami tangu hapo. Uji wa jioni aliuweka mezani akatoka.

Jumamosi, 18 Juni

Sikwenda, sina miguu ya kufika Ibighi. Atupele alikwenda. Aliporudi alinieleza akiwa amesimama, kama anayetoa taarifa kwa mkubwa wa kazi.

Shomari alivunja sakafu kwa mkono wake mwenyewe. Alikataa mafundi. Udongo chini ya saruji ulikuwa umelowa kama wa mtoni, pande zote mkavu. Mchungaji alikuwepo, na watu wa msikiti wa Shomari walisimama nyuma. Kikombe kilikuwa cha kwanza kuonekana. Cheupe, ukingo wa buluu. Kilikuwa kimesimama wima na kimejaa maji hadi juu, maji safi. Shomari akampa Mama Lusajo. Naye akayamwaga taratibu pale pale kaburini.

Mama yake Shomari alikuwa amekaa uani. Akauliza kwa sauti kubwa ya viziwi, "Mbona amenyamaza?"

Jumatatu, 20 Juni

Mama Lusajo amepita barabarani mbele ya geti, akielekea stendi kupanda gari la Kiwira. Ndugu wa mumewe walikuwa nyuma yake. Kisanduku kidogo hakukibeba kichwani wala mikononi. Alikifunga mgongoni kwa kitenge, kama wanavyobebwa watoto, na mkono mmoja ulikuwa nyuma ukikipigapiga.

Nilisimama barazani. Aliniona. Hakusimama. Sikutegemea asimame.

Shomari hanisalimu tena, na mji wote umejua kwa nini. Walionunua viwanja kwa neno langu wanachimba pembeni mwa misingi yao, wengine kwa majembe, wengine kwa vijiti. Hakuna kaburi jingine, najua, lakini sina haki ya kuwaambia wasichimbe. Vijana wa stendi wameacha utani.

Chumbani pagumu. Barazani pagumu. Nimechoma hadi kiganja kimechubuka.

Jumatano, 22 Juni

Uji. Dawa. Ukungu bado.

Nilitembea mara moja tu, Atupele akinishika kiwiko. Getini pagumu. Penye kamba ya nguo pagumu. Tukazunguka nyuma, kwenye mparachichi, alipolala mama yake. Upande wa kushoto wa kaburi nondo ilizama yenyewe, bila nguvu.

Nikalitafuta umbo lake. Kona nne. Refu. La kunitosha mimi.

Nilichoma hadi mwisho. Hakuna bati. Hakuna kitu chochote kinachosubiri humo.

Nilimwonyesha Atupele. Alisema ni mvua, Baba. Kisha akaishika nondo mwenyewe, akachoma hadi mwisho. Alinifunga vizuri shuka mabegani. Ni mara ya kwanza kunigusa kwa upole tangu Ijumaa ile.

Tumeiacha nondo imesimama hapo hapo, ili watakaochimba wasihangaike kutafuta.

Uji umepoa. Nitaunywa hivyo hivyo.