Safari Hii Mimi ni Abiria

Kitindamimba wangu,

Ratiba yako nimeipata: saa tatu daktari wa macho, mchana kulala kwako, saa kumi kurudi stendi. Ahsante. Nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza, sasa haichezi.

Miaka ishirini na saba nimeendesha basi kupeleka watu huko kwako, na kugeuza siku hiyohiyo. Mji ninaoujua mimi ni stendi na choo chake. Abiria wakiniuliza ule mnara mrefu wa mji uko wapi, nilinyoosha kidole popote, wakashukuru.

Mama yako anasema huu ni ukaidi wa uzeeni. Asikudanganye, alinikuta nao.

Madaktari watatu wameshasema lilelile, kwamba mwaka huu hautaisha nikiwa bado naona. Wa nne ataniambia nini? Jumamosi nakuja, na tutapanda huo mnara mpaka juu, niione mwenyewe njia iliyokula ujana wangu. Kwenye ngazi nishike mkono, sikatai. Ila tukifika juu, usinisimulie kilichopo. Kazi hiyo utaianza mwakani.

Ni mimi baba yako, kiti cha dirishani.