Nukta ya Baba

Mwenzangu, upo? Leo nimeumbuka, sina hata pa kuuweka uso.

Ile injini yangu ndogo ya kutoshea kiganjani imewaka! Baba akapiga makofi, akamwita jirani: "Njoo uone! Pistoni yake nimeikereza mimi. Ng'ombe hazeeki maini!"

Pistoni ile si yake. Si yake! Yake ilipwaya kwenye silinda, unajua mikono inavyomtetemeka siku hizi. Nikakereza nyingine kimyakimya, nikaichomeka, nikanyamaza. Nilidhani namsitiri mzee wangu.

Jirani alipoondoka, Baba akasema, "Hebu ifungue, mwanangu, nikuonyeshe nukta yangu."

Nukta! Nilisahau kabisa. Miaka yote kiwandani, kila alichokereza alikigonga nukta moja ndogo, ndiyo sahihi yake.

Nikafungua, ningefanyaje? Akaigeuza pistoni. Akaigeuza tena. Nukta hakuna.

Nikaanza, "Baba, mimi..."

Akanirudishia. "Kazi safi. Mkono wako umetulia."

Alisema hivyo tu, mwenzangu. Hivyo tu. Halafu mkono wake akauficha mfukoni.